Milimita Tisa

Reli ya zamani ya Kenya ina upana wa mita moja. Walioanza kuitandaza kutoka Mombasa mwaka wa 1896 walikopa kipimo hicho India, ambako kilikuwa kimeshazoeleka. Ilipofika mahali palipokuja kuwa Nairobi, Mei 1899, ilikuwa mita moja, na ilipofika Thika mwaka wa 1913 ilikuwa bado mita moja. Ile ya SGR, iliyozinduliwa 2017, ni milimita 1,435. Ndiyo maana treni ya Mombasa ya siku hizi haiwezi kukanyaga njia ya Thika hata ikibembelezwa.

Sasa, wanaotengeneza reli ndogo za mezani huko Ujerumani na Japani hawakuwa wanafikiria Thika. Aina moja iliyo rahisi kupata inaitwa N, na vyuma vyake viko milimita 9 kutoka kimoja hadi kingine. Kwa Mjerumani anayejenga reli ya kwao, hiyo ni dunia iliyopunguzwa mara 160. Lakini chukua 9, zidisha kwa 110. Unapata 990. Yaani mita moja, kasoro sentimita moja tu.

Nilipoona jibu hilo kwenye simu nilikuwa kazini, mteja mbele yangu akingoja kioo kibadilishwe. Nikajua kwamba kwa vyuma vya dukani naweza kujenga reli yetu sisi, bila kuazima ya mtu. Kitu pekee ilikuwa kila kingine kipunguzwe mara 110: mtu mzima anakuwa na urefu wa milimita 15, kibanda cha mita mbili kinakuwa milimita 18. Nyanya inakuwa nusu milimita. Hapo kwa nyanya ndipo shida zilianzia.

*

Mimi ni mtoto wa mama mboga. Mathe aliuza nyanya, vitunguu na dania kwa miaka 19 katika soko lililokuwa juu ya njia ya Thika. Nikisema juu, sio kando. Vikapu vilikaa katikati ya vyuma, magunia ya waru yakaegemea mataruma, na maturubai yakafungwa kutoka upande mmoja hadi mwingine kiasi kwamba mgeni angeweza kununua sukuma wiki, akatoka, asijue alikuwa amesimama relini.

Halafu treni inakuja. Asubuhi inapeleka watu tao, jioni inawarudisha, na katikati, ya mizigo inapita ikijisikia. Wanaokuja na kamera husema soko "linapotea" treni ikipita. Halipotei. Linakunjwa. Kwanza chuma chenyewe kinaanza kunong'ona, na wale waliokaa karibu nacho wanasikia kwa makalio kabla ya masikio. Mmoja anaita, "Gari!" Wa mbali zaidi wanaanza kukunja, kwa sababu treni inatoka upande wao. Turubai linavutwa kwa kamba moja, fimbo inalazwa, vikapu vilivyo katikati vinainuliwa, na vile vifupi vinaachwa pale pale kwa sababu kila mtu anajua tumbo la treni liko juu kiasi gani. Treni inapita kwa mwendo wa mtu anayekimbia polepole. Mara tu behewa la mwisho linapokupita, turubai lako linarudi. Hungoji limpite jirani.

Nimelala chini ya meza ile nikiwa mdogo. Nimefanya homework pale. Kwa hivyo nilipoamua kujenga reli yangu ya kwanza, sikuhitaji kufikiria nijenge wapi.

*

Keja yangu ni chumba kimoja, na nafasi iliyobaki ilikuwa ile kati ya kitanda na mlango. Ubao ukawa sentimita 120 kwa 40. Fundi wa mbao akanipigia stendi mbili za saipresi za kuubeba, imara kupita kiasi, kwa sababu nilipomwambia ni za reli hakuuliza reli ya ukubwa gani. Kwenye kila stendi niliandika kwa penseli ili nisichanganye: moja NAIROBI UPANDE HUU, nyingine THIKA UPANDE HUU.

Wengi wakijenga ya kwanza hufunga duara, treni izunguke mpaka uchoke. Treni ya Thika haizunguki, inaenda na kurudi. Kwa hivyo njia yangu ilikuwa moja, na kila mwisho niliweka rafu fupi nyuma ya pazia ambapo treni ilijificha na kungoja zamu.

Kazi ngumu ya kwanza ilikuwa mwendo. Treni ikipita sokoni kwa kilomita 10 kwa saa, ukigawa kwa 110 unapata sentimita mbili na nusu kwa sekunde. Ubao mzima ni sekunde 48. Mota ndogo haipendi hivyo. Ukiipunguzia umeme kutoka volti 12 hadi 3, haitembei polepole. Inakwama, halafu inaruka kama boda imeona polisi. Dawa yake ni kuipa volti zote 12 lakini kwa vipande, washa-zima-washa-zima, mamia ya mara kwa sekunde, halafu urefushe au ufupishe kila "washa". Chipu ya 555 inafanya hilo, na pale Luthuli Avenue unaipata kwa bei ya chapati kadhaa. Mimi hulehemu simu kutwa, kwa hivyo hiyo sehemu ilinichukua jioni mbili.

Bodi ya injini ilichukua miezi miwili. Nilinunua injini ya mtumba iliyotoka Japani, nikavua nguo zake, nikabaki na mota, gia na magurudumu. Juu yake nikajenga dizeli yetu, zile ndefu za daraja la 93 zilizotengenezwa na General Electric ya Marekani, kwa kadi za plastiki zinazobaki ukishatoa laini ya simu. Kazini zinajaa debe. Ukikwangua nembo, unapata plastiki safi, nyembamba, inayokatika kwa wembe na kushikana kwa gundi bila kelele. Mabehewa manne pia ni laini za watu.

Kokoto za reli ni mchanga wa mto uliopita kwenye chujio la chai. Unaumwaga ukiwa mkavu, unaupanga kwa brashi, halafu unadondoshea gundi nyeupe iliyochanganywa na maji na tone la sabuni ya vyombo. Bila sabuni gundi inakaa juu ya mchanga kama tone la mvua kwenye jani la nduma. Sabuni inaifanya izame.

Vibanda vilikuwa 14. Kabeji ni mbegu za terere zilizopakwa kijani. Nyanya ni vumbi la tofali lililochekechwa mara tatu, na kila fungu nililijenga kwa ncha ya sindano, kwa sababu kwa Mathe nyanya hazimwagwi, zinapangwa. Wanawake ni waya mwembamba na putti, milimita 15 kila mmoja, na nilimpa kila mmoja leso yake. Sio leso yoyote. Yake.

Maturubai ni nguo ya mwavuli uliovunjika. Chini ya ubao nilifunga zile mota ndogo za bluu za gramu 9, servo, kila moja ikivuta uzi. Macho mawili ya infraredi chini ya reli yaliona treni ikitoka nyuma ya pazia, Arduino ikaambia servo zivute kwa mpangilio, wa mbali kwanza. Treni ikishapita, zinalegeza, turubai moja baada ya jingine linarudi. Vibanda vitano tu ndivyo vilivyokunjika hivyo. Vingine tisa vilikaa pembeni, nje ya njia ya treni.

Kuanzia hesabu ya 990 mpaka turubai la kwanza kujikunja, ilikuwa mwaka mmoja na miezi minne.

*

Mara ya kwanza kuionyesha ilikuwa katika ukumbi wa maktaba mtaani, wikendi moja, kati ya jamaa aliyetengeneza roboti ya kumwagilia maji na dada aliyeshona mikoba kwa mabango ya zamani. Kama hujawahi kuonyesha reli ya mezani, kazi yake kubwa ni kufuta. Umeme unapanda kwenye gurudumu kupitia mahali padogo kuliko nukta hii, na vumbi la Nairobi linajua hapo mahali. Kila nusu saa nilipitisha kitambaa chenye spiriti ya kusafishia bodi za simu, vyuma vikabaki safi, kitambaa kikawa cheusi kama cha kufutia sufuria.

Watoto walikuja kwa sababu ya treni na wakabaki kwa sababu ya maturubai. Hawakupiga makofi treni ikitokea. Walipiga makofi kibanda cha mwisho kikifunguka. Mzee mmoja aliyestaafu kazi ya reli alisimama muda mrefu, mikono nyuma, kisha akaniuliza, "Garratt iko wapi?" Nikamwambia Garratt za daraja la 59 zilikuwa za njia kuu ya Mombasa; zilikuwa nzito mno kwa njia kama hii, zaidi ya tani 250, na kwa kipimo changu moja ingekuwa sentimita 29, karibu robo ya soko lote. Akacheka. "Umejibu kama mtu wa kazi," akasema, akachukua kitambaa akaanza kufuta upande wa Thika bila kuombwa. Alifuta mpaka saa kumi jioni.

Mathe alikuja Jumapili baada ya kanisa, na mashoga zake wawili. Aliinama, akatafuta, akapata kibanda cha sita.

"Huyu ni mimi?"

"Ni wewe, Mama."

Akanyamaza kidogo. Treni ikapita, turubai lake likakunjwa, likafunguliwa. Akaomba irudi. Ikarudi. Kisha akanyoosha kidole kwa jirani yake wa kibanda cha saba.

"Na huyu umempa nyanya zote hizo za nini? Lini alikuwa na mali kama hii?"

Mwenye kibanda cha saba alikuwa amesimama nyuma yake. Kelele walizopiga pale maktaba, nililazimika kuomba radhi kwa dada wa mikoba.

*

Kati ya maonyesho ya kwanza na ya pili, soko liliondolewa.

Zilikuja alama za rangi nyekundu kwenye fimbo, na siku tatu baadaye tingatinga, saa kumi na moja alfajiri. Sitaki kuendesha kesi hapa. Sababu zilizotolewa si zote za uongo: watu na treni kutumia vyuma vile vile ni hatari, na sisi tuliokulia pale tunajua kwa majina waliopoteza miguu. Lakini hakuna aliyewaonyesha wale wanawake waende wapi, na mali ya asubuhi hiyo ilizikwa hapo hapo pamoja na fimbo. Mathe aliokoa mizani na turubai. Alikuwa amelikunja tayari. Alisema alisikia chuma kikinong'ona akadhani ni gari la alfajiri.

Miezi miwili baadaye nikapeleka ubao kwenye ukumbi mwingine, katikati ya jiji. Kila kitu kilikuwa kama mwanzo. Treni ile ile, sekunde 48 zile zile. Lakini watu hawakusimama vile vile. Mara ya kwanza waliinama, wakatafuta mtu wanayemjua. Sasa walisimama wima na kuzungumza kwa sauti ya matangani. Mmoja aliniambia nimefanya kazi muhimu ya kuhifadhi kumbukumbu. Nikasema asante. Usiku nikiwa kwa matatu, ubao umelazwa juu ya viti viwili ambavyo nilivilipia nauli, nilikuwa nawaza kwamba sikuwahi kuhifadhi chochote. Nilijenga soko likiwa hai, nikitoka pale Jumamosi na vipimo mfukoni na sukuma mkononi.

Ya tatu ndiyo ilimaliza maneno. Mtoto wa kama miaka saba aliangalia treni ikipita mara nne, akamgeukia babake: "Kesho tunaenda hapo?" Babake akaniangalia mimi. Servo zikalia, turubai la sita likafunguka.

Siku hiyo hiyo jamaa mmoja mwenye mkahawa akanipa ofa. Elfu sitini, pesa mkononi. Anataka kuuweka ukutani, treni ipite wateja wakila. Ila alikuwa na ombi moja: nitoe zile mota za kukunja, zinapiga kelele na zitaharibika. Maturubai yabaki yamefunguliwa tu, ni mazuri hivyo, treni iendelee kupita.

Nikamwambia haiwezekani, itagonga.

"Basi yapandishe juu kidogo," akasema.

Elfu sitini si pesa ya kutemea mate. Ni kodi ya keja yangu ya miezi sita. Nililala nayo siku mbili, kisha nikampelekea Mathe hiyo habari, nikijua yeye ni mfanyabiashara na hatanionea aibu. Alisikiliza mpaka mwisho huku akimenya njegere.

"Kwa hivyo anataka kuniweka ukutani," akasema, "nimekaa tu, na gari linanijia?"

Hakuniambia niuze wala nisiuze. Akaendelea kumenya.

*

Yule jamaa alitaka soko lisilolazimika kupisha. Nilipomkatalia, ilibidi niangalie na langu. Kwenye ubao wangu, kila baada ya sekunde 48 swichi iliwarudishia wanawake 14 mahali pao, mara mia kwa siku, bila kukosea. Soko lilipokuwepo, huo ulikuwa ukweli mtupu: turubai lilikunjwa, likafunguliwa. Soko lilipoondoka, ile sehemu ya kufunguka ndiyo ilikuwa imebaki kwenye ubao peke yake, na ndiyo watu walikuwa wakiipigia makofi. Niliona nikiendelea kuionyesha nitakuwa nawapa wasee faraja ambayo Mathe mwenyewe hajapewa.

Marafiki waliniambia niipeleke makumbusho. Makumbusho ya Reli ya Nairobi yapo tangu 1971, na ukienda utaikuta Garratt namba 5918, Mount Gelai, imesimama pale na ukubwa wake wote. Chuma kinaweza kungoja watu. Uzi na nguo ya mwavuli haviwezi. Gia za servo ni za plastiki, zilikuwa zimeanza kuruka meno. Mvua za Aprili zilikuwa zimeupandisha ubao kiasi cha kwamba behewa la mwisho liliyumba mahali pa kibanda cha tisa. Reli ya mezani inaishi kwa mtu aliye na kitambaa cha spiriti. Akiondoka, inakuwa rafu yenye vumbi.

Kwa hivyo nikaamua kuistaafisha. Ni neno zuri kwa sababu mstaafu anaagwa.

*

Nilimwomba Mathe awaite. Walikuja tisa, Jumapili mchana, uani kwa Mathe, na chapati zilikuwa zimepikwa kana kwamba kuna ruracio. Nikafunga ubao kwenye stendi zake, Nairobi upande huu, Thika upande huu. Halafu nikazima Arduino na kutoa nyuzi tano nje, ukingoni, kila moja na fundo mwishoni.

"Leo mtavuta wenyewe," nikawaambia.

Wa kwanza kushika uzi alikuwa wa kibanda cha saba. Nikaenda nyuma ya pazia, nikazungusha kidude cha mwendo polepole. Macho yangu ya infraredi yalikuwa yamepangwa kuona treni ikiwa imeshatoka. Wale hawakungoja itoke. Mota ilipoanza kuvuma nyuma ya pazia, kabla hata pua ya injini kuonekana, mmoja aliita "Gari!" na maturubai yote matano yakawa chini, wa mbali kwanza, bila mtu kupanga. Treni ikapita. Kila mmoja akalegeza uzi wake behewa la mwisho lilipompita, hakumngoja jirani. Tulirudia mara sijui ngapi. Walizozana, wakabadilishana zamu, wakalaumiana kwa mambo ya 2014. Hakuna aliyegongwa.

Kisha kila mmoja akachukua kibanda chake. Niliingiza wembe chini, nikakinyanyua na mwanamke wake, nikakiweka kwenye kiganja cha mwenyewe. Watano hawakuwepo: wawili wamerudi mashambani, mmoja anauza nguo Gikomba, wawili hatujui. Mathe aliwafunga kwenye kitambaa. "Nitawapata," akasema. Kwa wawili wale wa mwisho, sijui atawapata vipi, lakini sikuuliza.

Kubomoa kulichukua jioni moja. Ukimwagia maji ya moto, gundi nyeupe inalegea kama uji, mchanga unafutika, vyuma vinanyanyuka vizima. Nimebaki na karibu mita mbili za reli ya milimita 9, injini, mabehewa manne, servo mbili ambazo bado zina meno, na kile kibodi cha 555, vyote ndani ya boksi la viatu chini ya kitanda. Kuna stesheni ndogo ya mabati njia ya Nanyuki ambayo nimekuwa nikiipima kwa hatua. Tutaona. Ubao wenyewe jirani aliuomba, akatengeneza rafu ya viatu.

Stendi alizichukua Mathe, siku ile ile, kabla sijamaliza kufungua skrubu. Sasa anauza kwenye geti la ploti moja, kilomita moja hivi kutoka relini, akiwa na meza ya mlango wa zamani juu ya zile mbao za saipresi. Mara ya mwisho nilipopita nilikuta wateja watatu wanangoja, nikaingia nyuma kumsaidia kufunga vitunguu. Mguu wa kulia, chini ya mafungu ya nyanya, penseli bado inasomeka: THIKA UPANDE HUU. Geti linaangalia upande mwingine kabisa. Mathe hajaifuta.